Sufuria Nane za Supu ya Mzazi

Kwenye kona ya barabara iendayo ziwani, hapa Lumban Dolok, kuna lapo, kibanda cha kahawa, la Baba Lasma: mabenchi mawili, meza moja, bati juu, na birika jeusi linalochemka tangu alfajiri mpaka mwenyewe achoke. Wengine wanafuata kahawa. Sisi tunafuata ubishi, kahawa ni ushuru wa kukalia benchi. Mabingwa ni watatu. Kuna Maabara, mwalimu wa kemia aliyestaafu, anayeongea na kila mtu kana kwamba mtu huyo kachelewa kuleta daftari. Kuna Breki, aliyeendesha lori la mbao kwenda Medan miaka ishirini na sita, na mpaka leo akikaa mguu wake wa kulia unatafuta pedeli. Na kuna Kilo, mfuga nguruwe, anayekutazama mara moja akakutajia uzito wako, uwe umeuliza au hukuuliza. Wa nne ni mimi, Sindano, fundi cherehani, na kazi yangu pale ni kuwachokoza hao watatu. Jumamosi hiyo asubuhi ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba, kila mtu na shuka lake la sarung mabegani, na mezani tulikuwa na jambo moja tu: mke wa Parlin hana maziwa.

Parlin mwenyewe alifika mnamo saa mbili. Ni kijana mkulima wa vitunguu, mtoto wake wa kwanza ana siku tisa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelala kwa zamu. Alikaa bila kuagiza kahawa.

Kilo: Umepungua kilo mbili.

Parlin: Mimi niache, mzee. Mtoto ndiye aliyepungua.

Kilo: Sana?

Parlin: Mkunga kasema kupita kiasi. Kasema mama ale vizuri, na mtoto anyonyeshwe kila akitaka. Jumatatu anampima tena. Asipoongezeka, maziwa ya kopo.

Breki: Ya kopo! Na ukweni wakisikia?

Parlin: Ndiyo hapo sasa.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na benchi zima lilipajua. Kwetu mwanamke akijifungua, jamaa zake wanakuja na kuku, nazi, na furushi la bangun-bangun, yale majani mazito yenye vinyweleo, ambayo harufu yake ukiyashika leo unalala nayo. Mzazi anapikiwa supu yake kila siku mpaka mwezi uishe, na maziwa yanakuja. Yalikuja kwa bibi zetu, yakaja kwa mama zetu. Sasa ukitangaza kwamba kwako hayakuja, hujayasema majani. Umewaambia wakwe zako kwamba baraka yao haina nguvu. Mtu aliyewaambia wakwe zake neno hilo heri ahamie Jakarta.

Mimi: Kwani umemuuliza anayepika?

Parlin: Nimuulize vipi, mzee Sindano? Anayepika ni mke wa shemeji yangu.

Breki: Oo. Hapo huna mdomo.

Na kweli hakuwa nao. Mwanamume na mke wa kaka wa mkewe, kwetu, hawasemeshani. Hawakai chumba kimoja wakiwa wawili. Nyumba ikishika moto, mmoja anauambia ukuta, na mwingine anaomba Mungu awe amesikia. Huyu wa Parlin anaitwa Mama Togar. Alivuka kutoka kisiwani Samosir siku moja baada ya mtoto kuzaliwa, kaleta majani furushi zima, na tangu hapo yumo jikoni mwa Parlin. Wamekaa nyumba moja siku nane bila kupeana hata salamu, kwa heshima kubwa.

Maabara alikuwa kimya muda wote huo. Maabara akinyamaza ujue analeta kitu. Akaingiza mkono ndani ya sarung, akatoa kichupa cha dawa ya kikohozi, akakiweka katikati ya meza. Ndani mlikuwa na uji wa kijani kibichi unaokaribia weusi.

Maabara: Nani kasema majani yameshindwa? Majani hayajashindwa. Mapishi ndiyo yaliyoshindwa. Waheshimiwa, Kiini Namba Tatu.

Breki: Namba moja na namba mbili ziko wapi?

Maabara: Namba moja ilikula sufuria. Namba mbili nitaifikia. Sikilizeni. Supu ni nini? Supu ni maji! Mama anakunywa lita nzima ya maji ili apate tone la dawa. Huo ni ubadhirifu. Mimi nimechukua majani kikapu kizima, nimeyatwanga, nimeyaloweka kwenye pombe ya tuak, tena si tuak ya kunywa, ni mvuke wake niliokusanya, nikachuja kwa soksi ya mke wangu...

Mimi: Mpya?

Maabara: Iliyofuliwa. Nikachemsha tena mpaka ikabaki hii. Sufuria ishirini za supu zimo humu. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, kesho mtoto anapaliwa kwa wingi wa maziwa.

Parlin akakishika kile kichupa kwa mikono miwili. Nilimhurumia. Mtu ambaye mtoto wake analia mchana kutwa atashika chochote utakachomwekea mezani.

Parlin: Umeshampa mtu, mwalimu?

Maabara: Kilo, toa ushahidi.

Kilo: Namba mbili nilimpa nguruwe wangu mkubwa, yule mwenye watoto kumi na mmoja.

Breki: Wee! Unamfananisha mke wa mtu na nguruwe mbele ya mumewe?

Kilo: Nguruwe wangu ana adabu kuliko madereva wenzako wote. Nilimpa nusu chupa.

Parlin: Ikawaje?

Kilo: Akalala siku mbili.

Mimi: Kwa ulevi!

Kilo: Kwa utulivu. Siku mbili mfululizo hakunyanyuka, na wale watoto kumi na mmoja hawakubanduka kifuani kwake. Siku ya tatu nikawapima kwa macho. Kila mmoja kaongezeka.

Maabara: Sasa je! Hayo ndiyo matokeo.

Mimi: Matokeo gani? Nguruwe kalewa, watoto wakapata nafasi ya kunyonya bila kupigwa teke. Hata ungempa gongo tupu wangenenepa.

Maabara: Sindano, wewe ulipata ngapi kwenye kemia?

Mimi: Sikufika kemia.

Maabara: Basi shona.

Breki akaisukuma kahawa yake pembeni. Yeye akitaka kusema jambo la maana lazima mezani pawe na nafasi ya kuchora injini.

Breki: Lae zangu, ndugu zangu, nyote mnazungumzia mafuta. Mafuta yapo. Gari likiwa na mafuta na haliwaki, unatazama nini? Hewa kwenye mpira! Niliwahi kukwama usiku kwenye mteremko wa Parapat, tangi limejaa, gari limezima. Nikaligeuza pua ikatazama chini, hewa ikatoka, likawaka. Parlin, kitanda cha mkeo kinatazama wapi?

Parlin: Mlimani.

Breki: Umeona? Kichwa bondeni, miguu mlimani. Maziwa yatapandaje? Kigeuze leo, kichwa kiwe mlimani, kila kitu kiteremke kwenda ziwani kama mito yote inavyofanya.

Kilo: Na mke wa Baba Lasma je? Alilala kichwa bondeni na akanyonyesha saba.

Breki: Hao walikuwa na kandirinya kubwa, wale wa zamani. Siku hizi vyombo vyenyewe ni vya kisasa, vinahitaji mwelekeo.

Baba Lasma, aliyekuwa akifuta glasi, akaondoka kwenda nyuma kucheka. Kilo naye hakukubali kuachwa nyuma.

Kilo: Mimi nawaambieni tatizo liko kwa jirani. Jirani yake Parlin, ng'ombe wake kazaa lini?

Parlin: Usiku uleule aliojifungua mke wangu.

Kilo: Na ng'ombe anatoa maziwa?

Parlin: Ndoo mbili kwa siku.

Kilo: Sasa, kona moja, usiku mmoja, wazazi wawili. Maziwa yalikuja, yakayakuta mapito mawili, yakaingia pale penye mlango mkubwa.

Mimi: Yaani maziwa yamepotea nyumba?

Kilo: Wewe cheka. Aende akaongee na ng'ombe kwa upole.

Maabara: Mbona mnatangatanga? Mimi nimesema supu ni dhaifu, basi.

Breki: Dhaifu? Hapo sikubali. Supu ile haina kosa hata moja. Nilikwenda kumwona mtoto Jumatatu, nikapewa. Nikaenda Jumatano kuulizia hali, nikapewa. Juzi nimepita tu, sikuwa hata na nia ya kuingia, nikapewa. Tui zito, kuku wa kienyeji, ile pilipili ya mlimani inautia ganzi ulimi mpaka unamsahau mkeo.

Kilo: Ya juzi ilikuwa nzuri, lakini ya jana ndiyo ilikuwa supu. Mimi nilipata paja.

Breki: Paja ulipata wewe?

Kilo: Na firigisi.

Maabara: Kitaaluma, majani ya Jumanne yaliiva kupita kiasi. Bakuli la pili lilikuwa bora kuliko la kwanza. Lakini kama dawa, narudia, ni dhaifu. Mimi nimekunywa siku tano na sikuona badiliko lolote mwilini mwangu.

Mimi: Ulitarajia badiliko gani, mwalimu?

Parlin akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu afike. Ukarimu ni kitu anachojivunia, na ana haki. Baba yake alikuwa vilevile.

Parlin: Mgeni atakujaje kumwona mtoto aondoke mkavu? Hata kwaya ya kanisa Alhamisi nimewapakulia wote. Walikuwa kumi na wanne. Hakuna atakayesema kwangu alinyimwa.

Breki: Hakuna! Nyumba yako ina heshima, kijana.

Maabara: Basi heshima hiyo iokolewe. Chukua Kiini. Ukweni hawatajua. Kwani si majani yaleyale? Utawaambia maziwa yamekuja kwa majani yao, na hutakuwa umesema uongo.

Hapo akawa amegusa mahali penyewe. Parlin alikitazama kichupa, akatazama barabara, akakitazama tena.

Parlin: Haimdhuru mtoto?

Maabara: Kilo, onyesha.

Kilo akamimina kifuniko kimoja, akafumba macho, akameza. Tukangoja. Machozi yakamtoka, akakohoa, akakaa sawa.

Kilo: Kifua kinawasha.

Maabara: Inafanya kazi!

Mimi: Umevaa sweta la sufu bila shati, Kilo. Hata mimi ningewashwa.

Kilo: Hapana, hii inawasha kwa ndani. Upande wa kushoto zaidi.

Breki: Nipe na mimi nithibitishe.

Walithibitisha wote watatu, na Breki akathibitisha mara mbili. Kichupa kikabaki nusu, na sauti zikapanda. Maabara alishaanza kusema habari za kujenga kiwanda kando ya ziwa, na Breki ndiye atakuwa mkuu wa usafirishaji. Parlin peke yake hakucheka. Akasimama, akakiziba kile kichupa, akakitia mfukoni mwa shati.

Parlin: Naenda kumpa. Sina njia nyingine. Jana usiku alilia yeye, akalia mtoto, nikakaa katikati sijui nimbembeleze nani.

Aliyasema hayo bila kuona haya. Na kabla hajatoka chini ya bati, mwanamke akasimama pale barabarani, beseni la nguo zilizofuliwa kichwani, mikono ina rangi ya kijani mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani. Parlin alipomwona akageuka haraka akatazama nguzo. Naye akageuka akatazama jiko.

Mama Togar: Hodi, wazee.

Baba Lasma: Karibu, mama. Kahawa?

Mama Togar: Asante, sina nafasi. Naomba niongee na birika lako.

Baba Lasma: Ongea nalo, halina shughuli.

Akatua beseni chini, akalikabili lile birika kama mtu aliyeitwa kutoa hoja kwenye kikao cha ukoo.

Mama Togar: Birika, nisikilize. Mimi nimefika nyumba ile leo siku ya tisa. Kila alfajiri napika sufuria moja, kubwa, imejaa, ya wifi yangu. Naifunika. Halafu nachukua nguo za mtoto nakwenda ziwani kufua, na nakaa hukohuko mpaka mchana, kwa sababu si adabu nizungukezunguke pale mwenye nyumba akiwepo. Nikirudi, sufuria tupu. Siku ya kwanza nikasema, ashukuriwe Mungu, wifi anakula. Siku ya pili nikasema hivyohivyo. Nimepika sufuria nane, birika. Leo nimemvua wifi yangu nguo nimwogeshe, nimeona mbavu.

Baba Lasma akakiweka chini kitambaa chake cha kufutia glasi.

Mama Togar: Sikuja kugombana. Nauliza tu. Katika zile sufuria nane, mzazi amekula mabakuli mangapi?

Birika likaendelea kuchemka. Maabara, mtu mwenye jibu la kila swali kijiji kizima, akaivuta sarung yake mpaka masikioni. Mguu wa Breki ukatafuta pedeli na haukuipata. Mimi kwa mazoea yangu nilitaka kumwambia Kilo ajibu, yeye si ndiye anayejua vipimo, lakini nikajikuta nahesabu kwa vidole chini ya meza, na vidole vilipofika vitano nikaacha. Matano yalikuwa yangu mimi. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipoharibu suruali ya harusi ya mchungaji.

Parlin alikuwa bado anatazama nguzo. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo.

Parlin: Birika, mwambie... mwambie nilidhani anampakulia kabla hajaenda ziwani.

Mama Togar: Birika, mwambie mzazi wa siku chache hali supu alfajiri mtoto akiwa kifuani. Anakula mtoto akilala. Na mtoto akilala, sebule imejaa wanaume.

Parlin: Mwambie mke wangu hakuniambia kitu.

Mama Togar: Mwambie mke wake ni mtoto wa watu waliomlea vizuri. Atawanyima vipi wageni wa mumewe, wamekwisha kunawa mikono? Anaambulia mchuzi wa chini na mfupa uliokwisha kunyonywa na wazee wazima. Nimemuuliza leo, kalia, kaniambia nisimseme mumewe. Sijamsema. Nimeliuliza birika: mabakuli mangapi?

Breki akajaribu kusema kwamba Jumatatu alimwona mama mtoto akiwa na bakuli mkononi, kisha akakumbuka mwenyewe kwamba alikuwa anamletea yeye. Parlin akakitoa kile kichupa mfukoni, akakiweka mezani polepole, akatoka bila kuaga. Akapita mbali, upande wa pili wa barabara, kama adabu inavyotaka, Mama Togar naye akajitwika beseni lake akafuata nyuma.

Saa sita tulikwenda kuomba radhi. Tulikubaliana twende wote wanne, na kila mmoja na kuku wake, hai, miguu imefungwa. Moshi ulikuwa unapanda jikoni kwa Parlin, na harufu ya majani ilikuja kutupokea tangu kwenye uzio. Parlin alikuwa ameweka kiti katikati ya mlango, amekaa, mikono magotini.

Breki: Tumekuja kumwona mtoto.

Parlin: Mtoto ananyonya. Pongezi nimezipokea, wazee. Na kuku nimewapokea, Mungu awazidishie. Chakula hakipo.

Mimi nina miaka hamsini na minne katika kijiji hiki, na sijawahi kusikia neno hilo likitoka kwenye mlango wa nyumba yenye moshi jikoni. Najua lilimgharimu. Masikio yake yalikuwa mekundu, na hakututazama usoni, mtoto wa baba yake yule. Ningeweza kumkumbatia pale pale. Ndani, nyuma ya pazia, tulisikia kijiko kikigonga bakuli, kikatulia, kikagonga tena.

Breki alivuta pumzi kwa pua, ndefu.

Breki: Hata mchuzi?

Parlin: Hata mchuzi, mzee.

Tukawaacha kuku, tukaenda kula kwetu.